Jack the Ripper Alikuwa Anawachaguaje? Wanawake Watano, Mitaa Minne na Hela ya Kitanda

Saa 7 kamili usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 30 Septemba 1888, askari wa kituo cha polisi cha Bishopsgate, London, alifungua mlango wa mahabusu na kumwambia mama mmoja aende zake. Mama huyo alikuwa ameokotwa barabarani saa 2 na nusu usiku, kalewa chakari, hawezi hata kusimama. Sasa pombe zimepungua. Akaulizwa jina akasema anaitwa Mary Ann Kelly. Uongo. Jina lake lilikuwa Catherine Eddowes, umri miaka 46. Akatoka nje, na badala ya kuelekea upande aliokuwa akilala, akashika njia nyingine kabisa.

Dakika hiyohiyo, mtaa mwingine unaoitwa Berner Street, jamaa mmoja muuza vito vya bei chee alikuwa anaingiza mkokoteni wake uani. Farasi wake mdogo akagoma, akaruka pembeni. Jamaa akachungulia gizani akaona mtu amelala chini. Ni Elizabeth Stride, miaka 44, koo limekatwa, damu bado inatoka.

Dakika 44 baadaye Catherine naye alikutwa amekufa kwenye kona yenye giza ya Mitre Square. Tena yeye alifanyiwa unyama zaidi, figo la kushoto na mfuko wa uzazi vimeondolewa.

Swali ambalo watu wanalizunguka kwa zaidi ya miaka 130 ni "Jack the Ripper alikuwa nani?" Majina yametajwa mpaka yamechosha: kinyozi, daktari, mwanasheria, mchoraji, mjukuu wa malkia. Lakini kuna swali jingine ambalo halipigiwi kelele sana na pengine ndilo lenye nyama: kwa nini wale? Catherine alikuwa mahabusu hadi saa 7. Hakuna binadamu aliyejua angeachiwa saa ngapi. Sasa huyo muuaji alimchaguaje mtu ambaye nusu saa kabla alikuwa nyuma ya nondo?

Kwanza uelewe kitaa chenyewe. Whitechapel na Spitalfields, mashariki ya London, lilikuwa eneo la watu waliobanana: wahamiaji wa Kiyahudi waliokimbia mateso Urusi, Waayalandi, vibarua wa bandarini, washona nguo, na watu ambao maisha yamewatema. Mwezi Oktoba 1888 polisi walikadiria kuwa Whitechapel ina madanguro 62, wanawake 1,200 wanaojiuza, na nyumba 233 za kulala za bei ya chini zenye watu kama 8,500.

Hizo nyumba za kulala ndizo za kuziweka akilini. Unalipa kwa usiku mmoja, peni 4 kitanda cha mtu mmoja, peni 8 kitanda cha wawili. Huna? Msimamizi anakutoa nje, haijalishi ni saa nane usiku, haijalishi unaumwa. Kesho ukipata unarudi.

Rekodi za polisi kuhusu mauaji ya Whitechapel zina wanawake 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891. Wengi wa wachunguzi wanakubaliana kwamba watano ndio wa mtu mmoja: Mary Ann Nichols (31 Agosti), Annie Chapman (8 Septemba), Elizabeth Stride na Catherine Eddowes (wote 30 Septemba), na Mary Jane Kelly (9 Novemba). Kuna wanaomuongeza Martha Tabram, aliyechomwa kisu mara 39 tarehe 7 Agosti. Na kuna wanaompunguza Stride. Tutafika huko.

Sasa nadharia ya kwanza, ile ambayo watu wa filamu wanaipenda kufa. Kwamba muuaji alikuwa na orodha. Mwaka 1976 mwandishi Stephen Knight alitoa kitabu akidai kuwa mjukuu wa Malkia Victoria, Prince Albert Victor, alimuoa kwa siri msichana wa kawaida Mkatoliki, wakapata mtoto, na Mary Kelly pamoja na wenzake wakajua siri hiyo wakaanza kudai hela. Basi daktari wa malkia, Sir William Gull, akatumwa awanyamazishe mmoja mmoja. Na Catherine? Aliuawa kwa makosa, maana si ndiye aliyejiita Mary Ann Kelly kituoni?

Tamu eh? Ndiyo maana mwaka 2001 ikatoka filamu yenye stori ya aina hiyo, na Johnny Depp ndani. Tatizo ni kwamba ukiigusa inabomoka. Gull alikuwa mzee wa miaka 71 ambaye mwaka mmoja kabla alipata kiharusi. Usiku wa kifo cha Catherine, huyo mwana wa mfalme alikuwa Scotland, mamia ya kilomita kutoka London. Mtu aliyempa Knight stori hiyo alikuja kukiri mwaka 1978 kwamba habari ya Ripper aliitunga. Halafu kubwa kuliko yote: hakuna ushahidi wowote kwamba wale wanawake watano walikuwa marafiki. Na hilo jina la uongo wala si la ajabu, kwani bwana aliyekuwa akiishi na Catherine aliitwa John Kelly. Alichukua tu jina la nyumbani.

Kwa hiyo orodha weka kando. Muuaji mwenye orodha hakai anasubiri polisi wafungue mlango wa mahabusu.

Nadharia ya pili ndiyo iliyozoeleka: jamaa alichukia makahaba. Hii ilipata nguvu kwenye barua iliyofika kwenye shirika moja la habari tarehe 27 Septemba 1888, ikiwa na wino mwekundu na sahihi ya Jack the Ripper, mwandishi wake akitamba kwamba anawawinda wanawake wanaojiuza na hataacha. Jina lenyewe la Ripper lilizaliwa hapo. Ila maofisa wakubwa wa polisi wa enzi hizo walikuja kusema waziwazi kwamba barua ile iliandikwa na mwandishi wa habari aliyetaka gazeti liuze. Yaani sababu ambayo dunia nzima inaitaja kama "sababu ya muuaji" huenda ilitungwa na mtu wa chumba cha habari mwenye chupa ya wino. Biashara ya habari za udaku haikuanza na simu janja.

Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alitoa kitabu kinachoitwa The Five, akaitikisa kambi nzima ya wapenzi wa kesi hii. Hoja yake: kati ya hao watano, watatu hakuna ushahidi wa maana kwamba walikuwa wakijiuza. Polisi wa 1888 wakikuta mwanamke maskini, mlevi, yuko nje usiku bila mume, wanaandika "kahaba" wanafunga faili. Yeye anasema waliuawa wakiwa wamelala. Hawakuwa kazini, walikuwa wamejikunyata kwenye vibaraza na kona kwa kukosa pa kwenda. Ndiyo maana hakuna aliyesikia mayowe.

Wapinzani wake wakaja juu. Na wana vya kusema. Ila kabla ya kugombana, tazama maisha ya wanawake wenyewe, maana kuna uzi unapita humo.

Mary Ann Nichols, ambaye watu walimuita Polly, aliolewa na mpiga chapa, akazaa watoto watano, ndoa ikavunjika, pombe ikaingia, akazunguka kwenye nyumba za maskini za serikali. Usiku wa kufa kwake alitolewa nje ya nyumba ya kulala ya Thrawl Street kwa kukosa peni 4. Aliondoka akicheka, akasema hela itapatikana, na akaonyesha kofia mpya aliyovaa. Saa 8 na nusu usiku rafiki yake alikutana naye barabarani anayumba. Polly akamwambia siku hiyo alishaipata hela ya kitanda mara 3, na mara zote 3 ameinywa. Rafiki akamsihi waende wote wakalale. Akakataa, akaelekea mashariki peke yake. Saa 9:40 mwendesha mkokoteni aliyekuwa akienda kazini akamkuta Buck's Row.

Annie Chapman alikuwa mke wa kochamani, mtu wa kuendesha gari la farasi la tajiri. Waliachana, lakini mume aliendelea kumtumia shilingi 10 kwa wiki mpaka alipofariki mwishoni mwa 1886. Hapo ndipo maisha ya Annie yalipokatika. Alifuma vitambaa, akauza maua. Mwili wake ulipopasuliwa na daktari alikutwa na ugonjwa mkubwa wa mapafu, yaani alikuwa anakufa taratibu hata bila kisu cha mtu. Usiku ule, kama saa 7:45, msimamizi alimtoa nje kwa kukosa hela. Annie akamuomba asimpe mtu kitanda chake, namba 29, atarudi. Maiti yake ilikutwa kabla ya saa 12 asubuhi, uani kwenye nyumba namba 29 ya Hanbury Street. Ndiyo, namba ileile. Wapenda mambo ya nyota wameshachezea hiyo sana, lakini ni bahati mbaya tu ya namba.

Catherine alikuwa ametoka shamba, Kent, yeye na bwana wake walikwenda kuvuna hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Msimu ulikuwa mbovu, wakarudi mikono mitupu. Wakaweka rehani viatu vya mwanamume ili wale. Akaaga anakwenda kumtafuta binti yake amsaidie, akaishia kwenye pombe na mahabusu.

Umeona? Polly hana kitanda. Annie hana kitanda. Catherine ametolewa mahabusu saa 7 usiku bila senti. Hapo "kwa nini wale" inaanza kupata jibu lisilo na uchawi wala njama za ikulu. Kati ya watu 8,500 wa zile nyumba, kila usiku kulikuwa na wachache waliokosa peni 4. Hao ndio waliobaki nje milango ikishafungwa. Muuaji hakuhitaji kuchagua. Msimamizi wa nyumba ya kulala alikuwa ameshamchagulia.

Na ramani inasema hivyohivyo. Polly alilala Thrawl Street na Flower and Dean Street. Stride, Flower and Dean Street. Catherine, Flower and Dean Street. Annie, Dorset Street. Kelly alipanga chumba kidogo kwenye ua wa Dorset Street. Yaani wote watano walitoka kwenye mitaa ambayo unaizunguka kwa miguu dakika kumi. Lakini waliuawa pande tofauti: Polly mashariki, Stride kusini, Catherine magharibi, Annie hapohapo karibu kaskazini. Ni kama mtu kasimama katikati akawatawanya.

Baadhi ya wataalamu wa kuchora ramani za uhalifu wanaona hapo katikati ndipo muuaji mwenyewe alipoishi. Wana kidokezo kizuri: usiku wa Catherine, kipande cha aproni yake chenye damu kiliokotwa Goulston Street, na ukitoka Mitre Square kwenda kwenye ile mitaa ya nyumba za kulala, njia hiyo inakufaa kabisa. Jamaa alikuwa anarudi nyumbani. Pengine alilala kitanda cha peni 4 kama wao.

Tazama na siku. 31 Agosti ilikuwa Ijumaa. 8 Septemba Jumamosi. 30 Septemba Jumapili. 9 Novemba Ijumaa. Zote mwisho wa wiki, zote kati ya saa 6 usiku na alfajiri. Huyu ana kibarua katikati ya wiki, na hana mtu wa kumuuliza "ulikuwa wapi?" Tajiri mwenye gari la farasi na jumba hahitaji kusubiri wikiendi.

Sasa turudi kwenye ugomvi: walikuwa wamelala au walikwenda na mtu kwa hiari? Kwa Annie, daktari wa polisi alifika kama saa 12 na nusu asubuhi akasema amekufa saa mbili au zaidi zilizopita, yaani kabla ya saa 10 na nusu. Hapo kweli angeweza kuwa amejilaza pale uani, nyumba yenyewe ilikuwa na watu 17 na mlango haufungwi. Lakini kuna mama aliyesema alimuona Annie saa 11:30 alfajiri nje ya nyumba hiyo akiongea na mwanamume. Na jirani aliyekwenda uani kwake muda huohuo alisikia sauti ya kike ikisema "hapana," kisha kitu kikaangukia uzio. Jamaa hakuchungulia. Alikuwa anawahi kazini. Kama mashahidi hao wako sahihi, Annie alikuwa macho, na Rubenhold ana kazi ya kujieleza. Kama daktari yuko sahihi, mashahidi walimuona mtu mwingine. Ukweli ni kwamba kukisia saa ya kifo kwa kugusa mwili asubuhi ya baridi, mwaka 1888, kulikuwa ni kubahatisha tu, hivyo mizani inaelemea kidogo upande wa jirani na ile "hapana" yake.

Kwa Catherine pia kuna watu watatu waliotoka klabu saa 7:35 wakaona mwanamke na mwanamume wamesimama kwenye kichochoro cha kuingilia Mitre Square, mkono wa mwanamke uko kifuani kwa jamaa, hakuna fujo. Askari alipita uwanjani saa 7 na nusu hakuona kitu, akarudi saa 7:44 akakuta maiti. Doria za London zilikuwa kama saa ya ukutani, askari anazunguka njia moja muda uleule. Wanawake waliozoea kukaa nje usiku walizijua zamu hizo kuliko hata wezi. Hapa ndipo panapouma: sehemu zile za giza, huenda wao ndio waliompeleka. Jack hakuwa na haja ya kujua uchochoro. Mteja anafuata tu.

Lakini nadharia ya kitanda ina mashimo mawili, na haifai kuyafunika.

La kwanza ni Stride. Mswidi huyu aliyewahi kuwa na mgahawa wa kahawa na mumewe, na aliyependa kuwadanganya watu kwamba mume na watoto walizama kwenye ajali ya meli ya Princess Alice mwaka 1878 (mume alikufa 1884, tena hospitalini), siku ile alikuwa na hela. Alifanya usafi kwenye nyumba ya kulala akalipwa peni 6. Kitanda kilikuwepo. Alijipamba akatoka kama mtu mwenye miadi. Alionekana na wanaume sehemu tofauti jioni ile, na saa 6:45 shahidi mmoja alimuona akisukumwa na kuangushwa na mwanamume barabarani. Alikatwa koo tu, hakuna kingine. Wengi wanasema mkokoteni ulimkatisha muuaji, akaenda kumalizia hasira kwa Catherine. Wengine wanasema huyu aliuawa na mtu mwingine kabisa, ugomvi wa kawaida wa mtaani, na magazeti yakamsomba kwenye hesabu. Ukimtoa Stride, nadharia ya kitanda inakaa vizuri zaidi. Ila kumtoa mtu kwa sababu tu anaharibu hesabu yako ndiyo kosa lilelile la Knight.

Shimo la pili ni Mary Jane Kelly. Alikuwa na miaka kama 25, wengine wote wamevuka 40. Na alikuwa na chumba: namba 13 Miller's Court, kodi inadaiwa shilingi 29, mpenzi wake kaondoka tarehe 30 Oktoba baada ya kugombana. Kati ya Catherine na Kelly zilipita siku 40 bila tukio. Katika siku hizo Whitechapel ilijaa askari wa kiraia, sungusungu wa wafanyabiashara wenye filimbi na virungu, na wanawake wakawa wanatembea wawiliwawili. Nje hapakufaa tena. Muuaji aliyetegemea giza na dakika 14 za doria angehitaji kuta nne na mlango wa kufunga, na mwanamke mwenye chumba chake alikuwa kitu adimu pale. Kwa mtazamo huo Kelly hakuchaguliwa kwa ujana wala uzuri wake. Alichaguliwa kwa sababu ya chumba.

Au hakukaribisha mtu kabisa. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa umepotea, na kioo cha dirisha kilivunjika, kwa hiyo ulikuwa ukipitisha mkono dirishani unafungua mlango kwa ndani. Kila aliyewahi kufika pale alijua. Usiku ule majirani walimsikia akiimba mpaka kama saa 7. Baadaye kimya. Halafu, kama saa 10 alfajiri, wanawake wawili waliokuwa jirani, kila mmoja mahali pake, walisikia sauti ya kike ikiita kwamba anauawa. Mara moja tu. Walipoulizwa na mahakama ya uchunguzi kwa nini hawakutoka, walijibu kwamba kelele kama ile pale uani ilikuwa kitu cha kawaida. Saa 4:45 asubuhi akaja mtu wa kudai kodi, akabisha, hakujibiwa, akazunguka dirishani na kusogeza pazia.